Njia na Barabara

Kiswahili kina neno moja ambalo huandikwa kwa herufi zile zile na kutamkwa kwa namna mbili. Mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, neno hilo ni barabara, wanamopita watu, wanyama na magari. Mkazo ukirudi nyuma kwa silabi moja, neno huwa kielezi: sawasawa, kama ipasavyo, pasipo kombo. Mtoto wa pwani hafundishwi tofauti hiyo. Huikuta kinywani mwa mamaye. Hata hivyo, iko miji ambamo tofauti hiyo si ya ulimi peke yake. Ni umbali uliopo baina ya kitu kilichojengwa na kitu kilichohitajiwa. Segese ni mmoja wa miji hiyo, na habari yake yafaa isikilizwe hata na watu wa visiwani, ambao njia yao kubwa ni bahari.

Kwa msomaji aliyezoea kusi na kaskazi, Segese ni bara hasa. Ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga, halmashauri iliyozaliwa mwaka 2012 wakati wilaya kubwa ya Kahama ilipogawanywa ikatoa Msalala, Ushetu na Mji wa Kahama. Kusini mwake iko Kahama yenye maduka ya jumla, mabenki na hospitali. Kaskazini iko Kakola, na hapo ndipo ulipo mgodi wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001. Na mbele zaidi ni Geita, nchi nyingine ya dhahabu. Kati ya ncha hizo mbili, Kahama na Kakola, inapita barabara moja, na Segese imekaa juu yake kama shanga katika uzi.

Uzi huo kwa miaka mingi ulikuwa wa changarawe. Kiangazi hutoa vumbi jekundu linalolala juu ya vitumbua, juu ya madaftari ya wanafunzi na juu ya kanga zilizoanikwa. Masika hutoa tope. Katika miaka ya karibuni umekuja mradi wa kuitia lami, kwa urefu unaotajwa kuwa kilomita 73, na wenye mgodi wakiwa miongoni mwa wachangiaji. Hilo ni jambo la heri, na hakuna mwenye akili timamu awezaye kuililia changarawe. Lakini lami nayo ina swali lake, na swali hilo ni la kuulizwa mapema, kabla ya vigingi kupigwa ardhini: safari inayorahisishwa ni ya nani?

Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia. Rais John Magufuli alizuia mchanga huo wa madini usisafirishwe nje, na makontena 277 yaliyokuwa katika bandari ya Dar es Salaam yakahesabiwa, yakafunguliwa, yakaundiwa kamati na kuzungumzwa barazani na sokoni. Makontena ya namna hiyo yalikuwa yakitoka Bulyanhulu na Buzwagi. Watu wa mbali kabisa na Shinyanga walijua idadi yake kwa kichwa. Idadi ya baiskeli zilizokuwa zikiteremka kandoni ili kuyapisha malori ya mgodi haikupata kutajwa popote. Si kwamba mtu aliificha. Ni kwamba hakuna aliyeona kuwa ni kitu cha kuhesabiwa.

Na achukuliwe mama mmoja wa Segese. Hana jina katika makala haya kwa kuwa ni wengi, na kila asomaye ambaye amepita sehemu zile amekwisha kumwona. Kabla jua halijachomoza amekwenda kisimani na kurudi. Baadaye amekwenda shambani, kwenye majaruba ya mpunga, jembe begani na mtoto mgongoni. Mchana mtoto ana homa, na mama anakata njia kuelekea zahanati. Jioni anapeleka bakuli la maharage kwa mkwewe aliye mgonjwa ng'ambo ya kijito. Siku ya gulio anabeba kuku wawili na debe la viazi vitamu. Safari zake ni nyingi, fupi, na karibu zote zinaikata barabara kuu badala ya kuifuata. Barabara yaenda kusini na kaskazini. Maisha yake yaenda mashariki na magharibi.

Huyu mama ana barabara yake, nayo inaitwa njia. Njia haikuchorwa na mtu. Imetokana na nyayo, moja juu ya nyingine, hata nyasi zikakubali kushindwa. Inaukwepa mti wenye mizizi iliyojitokeza, inazunguka kichuguu, inaingia katika mbuga ya udongo mweusi mahali ambapo maji huwa haba. Mwenye kuitazama kwa makini anasoma humo maoni ya watu mia kadha wa kadha, waliyoyatoa bila kuitwa mkutanoni na bila posho. Kila kijia ni neno lililokwisha semwa. Tatizo ni kwamba neno hilo limeandikwa ardhini, na wapangao mipango aghalabu husoma karatasi.

Inafaa hapa kukumbuka namna barabara na nyumba zilivyokutana katika nchi hii. Mwaka 1974 Mkoa wa Shinyanga uliingia katika Operesheni Vijiji. Wasukuma waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila kaya na miji yake ya minyaa, shamba lake na malisho yake, walitakiwa waje pamoja. Katika sehemu nyingi za nchi nyumba mpya zilipangwa kwa mstari kandokando ya barabara, ili huduma ziwafikie watu kwa urahisi. Nia ilitangazwa kuwa njema. Namna ilikuwa ya amri, na mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa ili wenyewe wasirudi.

Zikapita zaidi ya mwongo mitatu. Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, nayo ikapanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Wapimaji wakapita na rangi, na herufi X ikachorwa kwenye kuta za nyumba mikoa mingi. Palikuwa na X nyekundu ya asiyestahili fidia na X ya kijani ya anayestahili. Hivyo yawezekana mzee mmoja akasogezwa barabarani na serikali akiwa kijana, kisha akaambiwa uzeeni kwamba amejisogeza mno. Mzee huyo akiketi chini ya mwembe wake na kuyatafakari yaliyompata, atakuta vitenzi vyake vyote vinafanana: alihamishwa, akapangwa, akapimwa, akawekewa alama. Kila kitenzi kina kile kiambishi kidogo -w-, ambacho katika Kiswahili humwondoa mtu kwenye kutenda na kumweka kwenye kutendwa.

Na sasa limekuja neno la kisasa, neno la semina na la maandiko ya miradi: ushirikishwaji wa wananchi. Ni neno lenye nia nzuri, lakini yafaa lifumuliwe kama fundi cherehani anavyofumua mshono ili aone uzi ulikopita. Shiriki ni kuwa na fungu katika jambo. Shirikisha ni kumfanya mwingine awe na fungu. Shirikishwa ni kufanywa uwe na fungu. Ndani ya neno hilo refu yuko mtu asiyeonekana, mwenye jambo lake mkononi, ambaye amependa kulifungua mlango mwananchi aingie. Na apendaye kufungua aweza vilevile kupenda kufunga. Kile kiambishi -w- cha mzee wa chini ya mwembe kimo humo humo, kimevaa nguo mpya.

Lugha hii lakini si maskini. Inalo neno jingine, la kale zaidi vinywani mwa watu: shauri. Kutokana nalo hupatikana kushauriana, na mle ndani mna -an-, kiambishi cha watu wawili wanaotazamana. Hakuna ashauriwaye peke yake katika kushauriana. Kila mmoja ni mtoaji na mpokeaji. Wala hapana haja ya kuagiza jambo hili kutoka ng'ambo. Pwani ina baraza, neno moja kwa kikalio cha nje ya nyumba na kwa mkutano wa wenye madaraka, kana kwamba wahenga walitaka kusema kuwa utawala uanzie pale jirani anapoketi. Wasukuma nao walikuwa na dagashida, baraza la kijiji lililoamua kesi na kuweka kanuni. Lilikuwa baraza la wanaume, na mama mwenye jembe hakuwa na kikalio humo. Kwa hiyo hapana sababu ya kulisifu kupita kiasi. Lakini lilikuwa na sifa moja: waamuzi waliishi katika uamuzi wao. Aliyekubali njia ipite mahali fulani alipita hapo mwenyewe, na ng'ombe zake.

Kwa upande wa sheria, nchi haina upungufu wa kutisha. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, ya serikali za mitaa katika mamlaka za wilaya, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Uko utaratibu wa kupanga kwa kuanzia chini, uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao wanakijiji huchora ramani yao wenyewe na kutaja walichonacho kabla ya wanachokosa. Iko Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni ya kuchimba hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, na kukubaliana juu yake na halmashauri ya mahali hapo. Kwa mji ulio jirani na Bulyanhulu, hicho si kifungu kidogo.

Kinachokosekana kinaonekana mtu akimfuata tena yule mama katika safari yake moja ya kwenda zahanati. Anatoka kwake kwa kijia, ambacho hakimo katika orodha ya mtu yeyote. Anaingia katika barabara ya vumbi ya wilaya, ambayo tangu mwaka 2017 iko chini ya TARURA. Anafika barabara kuu, ambayo ni ya TANROADS, anaivuka akiwa amemshika mtoto mkono, halafu anarudi kwenye kijia. Kwa miguu yake ni safari moja. Kwa madaftari ni himaya mbili na mahali pasipo mwenyewe pawili. Maji ya mvua yakikusanyika pale kijia kinapokutana na tuta la barabara mpya, kila ofisi inaweza kusema kweli kwamba pale si pake. Mama hajui mipaka hiyo, wala hana wajibu wa kuijua. Anachojua ni kwamba kabla ya tuta palikuwa pakavu.

Watu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni ya bara tu. Lamu, mji ambao vichochoro vyake vilipimwa kwa upana wa punda na mzigo wake, uliambiwa kwamba bandari kubwa inakuja, na barabara, reli na bomba la mafuta nyuma yake. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ikatamka kwamba mradi huo wa LAPSSET haukuwahusisha wenyeji kama Katiba ya Kenya inavyodai, tena ikaamuru wavuvi walipwe fidia. Katika hukumu ile mna funzo ambalo Segese inaweza kulipokea bila kwenda mahakamani: kumpa mtu habari si kushauriana naye. Njia za bahari za mvuvi, mikondo na miamba anayoijua kwa usiku na mchana, ni sawa na vijia vya mama yule. Hazikuwamo katika karatasi, na kwa hiyo zilihesabiwa kuwa hazipo.

Basi kushauriana barabara, kwa maana zote mbili za neno, kungekuwaje katika mji mdogo kama huu? Kwanza kungebadilika swali. Mkutano ukiitishwa na watu wakaulizwa, "Mnataka nini?", jibu litakuwa lami, na kila mtu ataondoka ameridhika pasipo kusema lolote. Wakiulizwa, "Jana ulikwenda wapi, kwa nini, na ulikwama wapi?", majibu yatakuwa marefu, na katika majibu hayo ndimo mpango ulimo. Mmoja atasema kalavati limeziba tangu mvua za mwaka juzi. Mwingine atasema kwamba mjamzito alipakiwa kwenye baiskeli, na alipofika mtoni akateremshwa akavuka kwa miguu. Kijana wa bodaboda atasema kwamba kijiwe chao kimewekwa kwenye kona, ambako lori halimwoni mtu hata liwe limemkaribia.

Pili, wangeitwa watu ambao huwa hawaji. Mkutano wa asubuhi ya kilimo hukosa wanawake; mkutano wa mchana hukosa wachungaji; vijana wa maduara na makarasha, wanaochimba na kusaga mawe ya dhahabu, hawaonekani mkutanoni kamwe, ingawa wao na viroba vyao vya mawe ni abiria wakubwa wa pikipiki. Asiyekuja afuatwe. Vijana wawili wenye daftari wakiketi penye njia panda tangu alfajiri hadi magharibi, siku ya kawaida na siku ya gulio, wakihesabu waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe, pikipiki na malori, wataleta habari ambayo hotuba haiwezi kuleta. Gharama yake ni kalamu na chakula cha mchana. Na mazungumzo yafanyike hata kwa Kisukuma, kwa kuwa bibi mwenye kujua kila kijito hatakieleza kijito chake vizuri kwa lugha ya ofisi. Mfasiri yeyote wa mashairi anajua kwamba jambo la kwanza kupotea katika tafsiri ni lile lililokuwa la thamani kuliko yote.

Tatu, mkutano ungefanyika kabla ya kigingi. Kigingi kikishapigwa, mazungumzo yaliyobaki ni ya fidia. Kabla ya kigingi, kalavati laweza kusogezwa hatua hamsini likutane na kijia. Bega la barabara laweza kuongezwa upana, baiskeli ipate pa kupita bila kujitupa mtaroni. Matuta ya kupunguza mwendo yaweza kuwekwa pale watoto wa shule wanapovuka, badala ya pale panapopendeza kwenye mchoro. Mambo haya ni ya bei nafuu yakifikiriwa mapema, na ni ghali yakikumbukwa baada ya mazishi.

Nne, na hili ndilo husahauliwa, watu wangerudiwa. Muhtasari ungesomwa mbele ya wale wale waliosema: hili limekubaliwa, hili limekataliwa, na sababu ni hii. Mtu aliyekataliwa kwa sababu aliyoielewa ataitika tena akiitwa. Aliyekubaliwa kwa makofi na asione kitu hatarudi, na mara ya tatu mkutano utakuwa na viti vingi kuliko watu. Halafu itaandikwa katika ripoti kwamba wananchi hawana mwamko.

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa hotuba iliyojulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Mwaka huo huo ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi, ingawa mfanyabiashara angeweza kuitwa kwa majina mengine yasiyo makali. Kalamu iliyoona kwamba kupanga ni kuchagua ilijua pia kwamba kufasiri ni kuchagua. Lakini miaka mitano baadaye, vijiji vilipopangwa, waliochagua walikuwa wengine na waliohama walikuwa wengine. Kauli ile ya 1969 haikuwa na kosa. Ilibakiza swali moja tu bila jibu: nani achague?

Ipo kauli ambayo watu wa pwani na wa bara huitumia wanapochoka na mtu: "shauri yako." Maana yake ni kwamba jambo limekuwa lako peke yako, utajua mwenyewe. Ni jambo la ajabu kwamba neno la kuketi pamoja limegeuka kuwa neno la kuachana. Yule mama asimamapo kando ya barabara, mtoto mgongoni, akitazama kushoto na kulia, akisubiri vumbi la lori litue ndipo avuke, ameambiwa shauri yako na watu ambao huenda hawakukusudia kumwambia hivyo. Atavuka. Amevuka miaka yote. Ng'ambo ya pili kijia chake kinaendelea, chembamba, kimepinda pale kinapopaswa kupinda, hadi mlangoni pa zahanati. Mwenye kutaka kupanga usafiri wa Segese na aanzie hapo, amfuate nyuma kwa miguu, na amuulize.